Mshika Shingo wa Dola

Kulikuwa na nchi, na ingalipo, iitwayo Tengamano. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani alipofika mpakani alikuta karani wa mihuri amekwenda kunywa chai, akasubiri mpaka akachoka, akageuza. Nchi ikabaki nje ya ramani, na wananchi wakafundishwa kujivunia kwamba hakuna mtu duniani ajuaye waliko.

Katika mji mkuu wa Tengamano pana jengo lenye ukumbi mrefu, wa baridi, uitwao Ukumbi wa Nyuso. Ukiingia, upande wa kushoto wametundikwa walowezi wa mwanzo, wale waliokuja na bunduki, Biblia na mbegu za kahawa. Upande wa kulia wametundikwa raia watukufu: daktari wa kwanza, wakili wa kwanza, askofu wa kwanza, mwananchi wa kwanza kumiliki baiskeli yenye taa, na marais wote waliopata kutokea. Wote wamekaa kwenye kiti kilekile na wamekunja uso vilevile. Na wote, mlowezi kwa mwananchi, mpaka ulipofika mwaka wa hadithi hii walikuwa wameshikwa shingo.

Ndiyo, walikuwa wameshikwa shingo. Nyuma ya kila kiti pana kitambaa cheusi mithili ya pazia, na kutoka katika kitambaa hicho ulitokeza mkono wa mtu, umeishika shingo ya mtukufu pale chini ya sikio, taratibu, kama anayechagua tikiti sokoni na hataki limdondoke. Katika picha za zamani kabisa ungeona kidole cha mwisho cha mkono huo kimepinda kwa nje kama ndoana.

Wageni waliuliza maana yake. Watengamano waliwashangaa kwa kuuliza.

*

Asili yake ni hii, nami naieleza bila kutia chumvi, maana ilikuja na chumvi yake.

Zamani za walowezi alifika mpiga picha mmoja Mgoa, Bwana Lobato, na kamera kubwa kama kabati la vyombo. Enzi hizo picha haikupigwa, ilingojwa. Mtu aliketi mbele ya kabati lile muda wa kumenya muhogo mzima, bila kugeuza kichwa. Akitikisika, kiwiliwili hutoka vizuri, lakini pale penye kichwa hutoka ukungu mtupu. Huko Ulaya walikuwa na chuma maalumu cha kushikilia kichwa kwa nyuma. Bwana Lobato aliagiza chake, kikafika bandarini salama, kisha wapagazi wakagundua kuwa kinafaa sana kubanikia mbuzi. Hakikuonekana tena.

Na walowezi wale, tuambizane kwa siri, walikuwa wanatetemeka. Bwana Homa alitetemeka kwa homa. Bwana Chupa alitetemeka kwa kukosa chupa. Kapteni Kifimbo, aliyechapa watu viboko tangu asubuhi, jioni alitetemeka akisikia majani yakichakarika nje ya dirisha. Bwana Lobato aliharibu vioo vyake vya picha kimoja baada ya kingine, akabaki na rundo la mabwana wasio na vichwa.

Ndipo akamkumbuka mpagazi wake, Feruzi, mtu wa maneno machache na mkono usiotikisika. Akamsimamisha nyuma ya kiti, akamfunika kitambaa cheusi kuanzia utosini mpaka miguuni, akaacha mkono tu. "Mshike hapo," akamwambia, "na usimwachie mpaka niseme." Feruzi akamshika Bwana Homa. Picha ikatoka safi, mpaka matundu ya pua yakaonekana.

Miaka ikapita. Raia watukufu nao wakaanza kupigwa picha. Wa kwanza alikuwa Mzee Yohana Mbelwa, mwananchi wa kwanza kukaribishwa chai kwa Gavana. Alipoketi, Bwana Lobato akamwambia Feruzi akapumzike.

"Wewe Mzee huhitaji mkono," akasema. "Umetulia vizuri sana."

"Unanibagua?" akauliza Mzee Yohana.

"Sikubagui, ila huna mtetemo."

"Bwana Homa ameshikwa shingo. Bwana Chupa ameshikwa shingo. Mimi niliyekunywa chai na Gavana nisishikwe! Kwani shingo yangu ina upele?"

Akashikwa. Kuanzia siku hiyo, haki ya kushikwa shingo ikaingia katika madai ya uhuru, tena ikaandikwa juu ya haki ya kupiga kura, kwa sababu kura hapakuwa na mtu aliyepata kuiona, na mkono kila mtu alikuwa ameuona pichani. Siku ya Uhuru bendera moja ikashuka, nyingine ikapanda, mkono ukabaki palepale. Katiba ikatamka kwamba kiongozi hatahesabika kuwa kiongozi mpaka apigwe picha kwa kamera ya Bwana Lobato, uso ukionekana, akiwa ameshikwa shingo na Mshika Shingo wa Dola. Siku hizi dunia nzima hupigana picha kwa simu huku inatafuna, lakini Tengamano si watu wa kutupa mila zao, hata zile walizoachiwa na watu wengine.

*

Feruzi alipofariki, kazi ikarithiwa na mwanawe Marjani. Marjani hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo kazi ikamwangukia bintiye, Sikudhani, na huyu ndiye mwenye hadithi.

Bi Sikudhani alikuwa mama wa makamo, mwenye mwili wake na maringo yake. Alikuwa na haki ya kuringa. Alikuwa amewashika shingo marais wawili, majaji na maaskofu wasio na idadi. Mikono yake aliipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na akienda sokoni aliivisha glovu nyeupe, akanyoosha kidole tu kuonyesha nyanya anazozitaka. Hakumenya, hakufua, hakusonga ugali. Kazi hizo zote zilifanywa na mumewe, Mabruki, mtu mpole aliyestaafu ufundi cherehani. Majirani walipomcheka, Mabruki aliwajibu, "Mke wangu hashiki mwiko. Anashika dola."

Jambo moja tu lilimkaa Bi Sikudhani rohoni. Babu yake Feruzi alikufa yeye akiwa mdogo, akamwachia kumbukumbu ya harufu ya tumbaku na kiganja kizito kilichotua kichwani kwake. Uso wake hakuukumbuka. Picha yake haikuwapo, kwani maisha yake yote mbele ya kamera mzee yule alikuwa amefunikwa kitambaa. Alisimama katika picha za watu wote wakubwa wa nchi ile, na hakupigwa hata moja. Kilichobaki chake duniani ni mkono ule, na kidole chake kilichopinda, ambacho Marjani alikirithi, na Sikudhani naye akakirithi.

Kwa hiyo kila mwandamo wa mwezi alikwenda Ukumbi wa Nyuso, eti kukagua vumbi. Akifika mbele ya Bwana Homa, picha iliyotundikwa juu kuliko zote, alitazama huku na huku, akainua uso, akasema polepole, "Shikamoo, babu." Kisha akaenda zake nyumbani moyo umetulia.

Pamoja na kidole alirithi siri. Baba yake alimwambia siku ya kumkabidhi kitambaa: "Mwanangu, wote wanatetemeka. Wazungu walitetemeka, na hawa wetu wanatetemeka. Utausikia mtetemo humu kiganjani. Ukitoka hapo usimwambie mtu. Kazi yetu kushika, si kusema." Naye hakusema, hata kwa Mabruki. Na Mabruki, kwa kuwa alikuwa mume mwema, hakuuliza.

*

Mwaka huo ukafanyika uchaguzi, akashinda kijana machachari, Mheshimiwa Kasoga Luhende. Alishinda kwa wimbo mmoja tu, "Shingo Huru", uliopigwa nchi nzima mpaka kuku wakajua kiitikio. Katika kila mkutano alipanda jukwaani, akanyoosha shingo, akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia, akauliza, "Nani anaishika?" Umati ukajibu, "Hakuna!"

Bi Sikudhani aliusikiliza wimbo ule redioni akatikisa kichwa. "Shingo nyembamba ile," alimwambia mumewe. "Itataka mikono miwili."

Hazikupita siku nyingi akaitwa na Waziri wa Kumbukumbu, Bwana Nzowa Kilemile, aliyepewa wizara hiyo kwa sababu Rais alisahau kumpa nyingine. Waziri alikuwa amekaa nyuma ya meza pana. Hakuinuka wala hakuamkia, ingawa umri wake ulimruhusu kuamkia.

"Bi Sikudhani," akaanza, "taifa lililo huru haliwezi kuendelea kushikwa shingo. Ni fedheha ya kihistoria, ni kovu la kiutamaduni, ni mzigo wa kimkakati. Serikali kwa hekima yake imeondoa shingo katika Katiba, ikabakiza uso, na imeamua kuifuta nafasi yako. Lakini usije ukasema umefukuzwa. Umekombolewa."

"Ahsante, Mheshimiwa. Na mshahara wangu?"

"Nao umekombolewa." Akamkabidhi cheti chenye nembo ya Wizara na jina la mtu mwingine. "Vilevile, ile mikono yote katika Ukumbi wa Nyuso itapakwa rangi. Tunataka vizazi vijavyo vione shingo zilizosimama zenyewe."

Hapo Bi Sikudhani akasahau mshahara. "Mheshimiwa, mkono ule ni wa babu yangu. Sina picha yake nyingine. Niachieni mmoja tu, hata ule wa Bwana Homa."

"Utafutwa kwa heshima zote za kiserikali."

"Baba, nakuomba."

Waziri akaonyesha huruma, kadiri cheo chake kilivyomruhusu. "Haya. Leta maombi ya kubakishiwa mkono. Utaje jina la marehemu, uthibitishe kwamba mkono ni wake, na uambatanishe picha yake inayoonyesha uso."

"Angekuwa na picha ya uso, Mheshimiwa, mimi ningekuja hapa kuomba mkono?"

"Utaratibu ni utaratibu," akasema Waziri, kisha akasahau walikuwa wanazungumza nini, akamkaribisha aketi.

*

Wakaleta mchoraji. Alikuwa fundi hodari wa kuandika majina ya maduka, na hakuwahi kupata ukuta mkubwa hivyo. Tatizo likawa moja: mkono ukiufuta, panabaki doa shingoni, na mtukufu mwenye doa shingoni anaonekana kama aliyechinjwa akaponea chupuchupu. Ikabidi kila mkono ubadilishwe kuwa kitu. Kapteni Kifimbo akapewa kasuku begani. Bwana Chupa akavishwa skafu ya sufu. Mzee Yohana Mbelwa, aliyepigania mkono wake mpaka akaupata, akapewa ua la waridi nyuma ya sikio, na wajukuu zake wakakimbilia mahakamani, lakini jaji naye alikuwa kwenye foleni ya kupakwa rangi.

Wizara ya Elimu haikuchelewa. Baada ya wiki chache watoto wa shule walikuwa wanakariri kwamba Kapteni Kifimbo alikuwa mfugaji maarufu wa kasuku.

Bi Sikudhani alikwenda kila siku. Hapakuwa na mtu wa kumzuia, maana mlinzi alimzoea. Alisimama nyuma ya mchoraji, glovu mkononi, akitazama vidole vya babu yake vikigeuka manyoya, majani na pindo za skafu. Alilia. Alilia hadharani bila kujificha, na hakuwa mtu wa kulia.

"Mama, mimi nafanya kazi tu," mchoraji akamwambia siku moja bila kugeuka.

"Hata babu yangu alifanya kazi tu."

Ukabaki mkono mmoja, ule wa Bwana Homa juu kabisa. Ngazi ya mchoraji haikufika. Akaomba ngazi ndefu kwa Wizara ya Kumbukumbu, nayo ikaandikia Wizara ya Ujenzi, nayo ikajibu kwamba ngazi ipo ila iko juu ya paa, na ili kuishusha inahitajika ngazi. Bi Sikudhani alipopata habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu akombolewe. Akamwombea dua kila aliyeipandisha ngazi ile juu.

*

Sasa ikawadia siku ya kumpiga picha Mheshimiwa Kasoga Luhende. Kwa sheria ya Tengamano, anayetundikwa ukutani Siku ya Uhuru ndiye Rais, na asiyetundikwa ni mgombea. Rais wa zamani, Mzee Ntimbwa, aliposhindwa hakukata rufaa wala hakulalamika. Alikaa tu barazani kwake akinywa uji, akisubiri picha.

Mpiga picha alikuwa Bwana Lobato mwingine, mjukuu wa yule wa kwanza, mzee mkimya mwenye miwani minene. Kamera ilikuwa ileile. Mheshimiwa akaketi kwenye kiti, akanyoosha shingo. Nyuma yake palikuwa patupu. Wapambe wakapiga makofi. Mheshimiwa akageuka kuangalia nani kapiga zaidi. Picha ikatoka: suti ya kijivu, medali, mikono juu ya magoti, na juu ya kola wingu.

"Inafanana!" wakasema wapambe.

Wakarudia. Safari hii wapambe walifukuzwa. Mheshimiwa akaketi peke yake, na ukimya wa nyuma yake ukamtia wasiwasi. Akageuza jicho. Jicho likavuta shingo. Wingu. Wakarudia tena, wakamfunga kamba kwa nyuma, akasema inamkumbusha mambo. Wakamletea mwalimu wa kupumua. Wakamwimbia "Shingo Huru", akaitikia kwa kuizungusha. Wingu, wingu, wingu. Msemaji wa Ikulu akatoa tamko kwamba Mheshimiwa ni mtu wa vitendo, hivyo si rahisi kumkamata akiwa ametulia, na kwamba taifa lijiandae kumpokea kwa sura ya ukungu wa maendeleo. Lakini Katiba ilisema uso, na Siku ya Uhuru ilikuwa keshokutwa. Mzee Ntimbwa akaonekana mjini ananyolewa ndevu.

*

Mchana huo, jua la utosi, Waziri wa Kumbukumbu aliingia kwa Bi Sikudhani kupitia mlango wa uani. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima na amebeba mfuko wa sukari. Mabruki alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Bi Sikudhani alikuwa pembeni yake, hana glovu, anajifunza kumenya muhogo, na ameshajikata mara kadhaa.

"Shikamoo, Bi Sikudhani," akasema Waziri.

Mabruki akaacha kukuna. Bi Sikudhani akaendelea kumenya.

"Marahaba. Umepotea njia, Mheshimiwa? Hapa hapana shingo."

"Mama yangu, nchi inatetemeka."

"Nchi, au mtu?"

Waziri akapiga magoti, kanzu ikaingia kwenye maganda. Akaeleza mpango. Mkono hautaonekana. Fundi wa Ikulu atapasua koti la Mheshimiwa kwa nyuma, Bi Sikudhani atapitisha mkono ndani, amshike chini ya kola. Picha itatoka na shingo huru, na siri itabaki kwa watu watano, pamoja na mpiga picha.

"Watu sita," akasema Mabruki. "Nami nipo hapa."

"Nitaufanya uwe mkataba wa kudumu, Bi Sikudhani. Utarudishiwa mshahara."

Bi Sikudhani akaweka kisu chini. "Mshahara sitaki. Mniachie mkono wa babu yangu kwa Bwana Homa. Usiguswe. Basi."

"Umeupata!" Waziri akainua kiganja juu. "Neno la waziri, mbele ya Mungu na mbele ya huyu mzee na nazi yake. Ahadi ni deni."

Alipoondoka Mabruki akafungua mfuko wa sukari, akaonja. "Ni chumvi," akasema.

"Amesahau tu," akasema Bi Sikudhani, akaenda kupaka mikono mafuta.

*

Asubuhi ya kesho yake, siku moja kabla ya Uhuru, Bi Sikudhani aliingia Ukumbi wa Nyuso na kitambaa chake cheusi kwapani. Kabla ya kitu kingine akatazama juu.

Ngazi ndefu ilikuwa imeegeshwa ukutani. Bwana Homa alikuwa na paka. Paka mnene, wa rangi ya chungwa, amejikunja shingoni kwake, rangi bado mbichi, mkia unachuruzika. Ngazi ilikuwa imeshushwa jana yake jioni. Waziri alisahau kumwambia mchoraji.

Waziri mwenyewe alikuwa pale mlangoni, anatabasamu. "Umeona tulivyopamba?" akamwambia. Kisha akakumbuka. Tabasamu likabaki mdomoni halijui pa kwenda. "Aa, mama. Aa. Nimeghafilika. Lakini leo ni taifa kwanza, sivyo? Tutaunda kamati."

Roho ilimuuma Bi Sikudhani, akashika kiti cha watukufu. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumwamkia ukumbini mle. Angeweza kugeuka aende zake, na kesho Mzee Ntimbwa angetundikwa tena. Aliifikiria njia hiyo. Kisha akatandaza kitambaa chake, akajifunika, akasimama nyuma ya kiti.

Mheshimiwa akaletwa, akaketi. Bi Sikudhani akapitisha mkono kwenye mpasuo wa koti, ukapanda mgongoni, ukaifikia shingo. Alikuwa ameshika shingo nyingi, lakini hakuwahi kushika iliyotetemeka hivi. Ilitetemeka kama ya kifaranga kilichonyeshewa.

"Mama," Mheshimiwa akanong'ona bila kufungua midomo, "usiniachie."

Alikuwa kijana mdogo kumbe, umri wa mwanawe Siwema. Bi Sikudhani akamwonea huruma kweli. "Nimekushika, mwanangu," akanong'ona. "Tulia."

Shingo ikatulia. Bwana Lobato akainama kwenye kamera, akajifunika kitambaa chake naye. "Tayari," akasema, na kioo kikaanza kupokea picha.

Ndipo Bi Sikudhani, polepole, bila kulegeza mshiko, akaanza kupandisha vidole. Cha kwanza kikachungulia juu ya kola. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Cha mwisho, kilichopinda, kikatokeza chini ya sikio la Mheshimiwa, kikakaa pale kwa raha zake, kama mtu aliyefika kibarazani kwake baada ya safari ndefu. Katika kamera zile mpiga picha huona kila kitu kichwa chini miguu juu. Bwana Lobato aliviona vidole vimening'inia. Alikitambua kile cha mwisho, kwani amekulia chini ya picha hizo. Akasubiri muda wa muhogo mzima, na kipande kidogo zaidi.

*

Picha ikatoka safi. Waziri aliangalia macho, akaangalia pua, akaangalia medali, akalia kwa furaha, akaweka sahihi. Mtu anayetafuta uso haangalii kola. Nakala zikachapwa mchana kutwa, malori yakasambaza, na alfajiri ya Siku ya Uhuru Mheshimiwa Kasoga Luhende alikuwa ametundikwa katika kila ofisi, kila zahanati, kila shule, kila kituo cha polisi na kila duka la Tengamano. Mzee Ntimbwa akarudi kwenye uji wake.

Saa ya gwaride ndipo mtu wa kwanza alipoviona vidole. Akafungua mdomo, akaufunga. Kusema kuna vidole ni kusema Rais ameshikwa, na sheria mpya ya Shingo Huru ilitaja kifungo kwa atakayesema Rais ameshikwa. Kumkamata Bi Sikudhani nako kungekuwa kukiri kwamba alikuwapo. Serikali ikakaa kikao kirefu, ikatangaza kuwa kile kinachoonekana juu ya kola ni nishani mpya, Nishani ya Utulivu, Daraja la Kwanza. Wiki hiyohiyo mawaziri wakaanza kushonesha kola zenye vidole vya sufi. Mabruki alirudi kwenye cherehani, akawa anazishona yeye mchana kutwa, na cha mwisho alikipinda kwa makini.

Na Bi Sikudhani? Hakurudishiwa kazi. Siku moja alikwenda Posta kutuma barua kwa Siwema. Hakuwa na glovu. Vidole vyake vilikuwa na alama za kisu cha muhogo. Akapanga foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akainua uso ukutani, juu ya kichwa cha karani. Akatabasamu.

"Shikamoo, babu," akasema.

Karani, kijana mwenye tai fupi, akamtazama. "Mama, Mheshimiwa huyo ni mdogo kwako. Wewe ndiye wa kuamkiwa."

"Sijamwamkia yeye."

Karani akageuka akatazama picha. Akatazama mlango. Akatazama foleni. Kisha akainama kwenye kidirisha, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi humwamkia huyo wa nyuma. Hapa ofisini sote tunamwamkia, kila asubuhi."

Akachukua barua yake, akaibandika stempu, akagonga muhuri.